Kivuko Bila Nahodha

Mji wa Unguja ulikuwa na mkono wa bahari ubavuni mwake. Mkono huo, uliojulikana kwa jina la Pwani Ndogo, uliingia kutoka kaskazini, ukapita nyuma ya nyumba za mawe na kukaribia Mnazi Mmoja, na maji yalipojaa, mji wa mawe ulibakiwa na shingo nyembamba tu ya nchi kavu iliyouunganisha na kisiwa kilichobaki. Waliokaa upande wa pili waliitwa watu wa Ng'ambo. Pa kuvukia palikuwa na daraja, nalo ndilo lililoacha jina la Darajani. Kuanzia mwaka 1915 Waingereza walianza kuufukia mkono ule wa bahari kidogo kidogo, na kazi hiyo haikwisha mpaka miaka ya 1950. Leo anayetembea katika barabara ya Benjamin Mkapa hakanyagi maji wala hahitaji chombo, lakini bado husema anakwenda Ng'ambo. Maji yamekwenda zao, neno limebaki nchi kavu.

Si miji yote ya pwani iliyoweza kuyafukia maji yake. Mombasa ni kisiwa, na kila upande wake una mlango wa bahari. Upande wa Nyali paliwekwa daraja la kuelea mwaka 1931, likatumika mpaka daraja la saruji lilipofunguliwa mwaka 1980. Kilifi watu walivuka kwa feri hadi mwaka 1991, daraja lilipokamilika. Mtwapa, kabla ya daraja lake, kivuko kilivutwa kwa minyororo na kwa mikono ya wanaume waliokuwa wakiimba ili mvuto wao uwe mmoja, hata wageni wakakipa sifa ya kivuko kinachoimba. Ni hasara kwamba nyimbo zile hazikukusanywa kwa wingi kama zilivyokusanywa tenzi. Wavutaji wa minyororo hawakuhesabiwa kuwa washairi, ingawa mizani yao ilikuwa na kazi kubwa kuliko mizani ya wengi: ikipotea, chombo husimama katikati ya maji.

Kusini mwa kisiwa hicho, baina ya Mombasa na Likoni, daraja la magari halikujengwa. Mlango wa Kilindini ndio njia ya meli kubwa ziendazo bandarini, na daraja lolote la hapo lazima liwe refu kwenda juu kuliko milingoti yake. Kwa hiyo tangu mwaka 1937 Likoni imekuwa na feri. Mwendo wake hauzidi sana nusu kilomita, nao ni wa dakika chache, lakini abiria wanaotajwa kuvuka hapo kwa siku moja ni kiasi cha 300,000. Watembeao kwa miguu hawalipi chochote. Asubuhi mteremko wa Likoni hujaa watu mithili ya mchanga, na lango likifunguliwa hakuna atembeaye kwa hiari yake, bali kila mmoja husukumwa na aliye nyuma.

Dar es Salaam nayo ina mlango wa maji baina ya Magogoni na Kigamboni, na hapo chombo huitwa pantoni. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioundwa mwaka 2005, ndio uliokabidhiwa vivuko vya Serikali. Mwaka 2008 ililetwa MV Magogoni, yenye uwezo wa kubeba abiria 2,000 na magari 60, na mwaka 2016 ikaongezwa MV Kazi, ndogo zaidi. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, lilifunguliwa daraja la Kurasini lenye urefu wa mita 680 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere, lakini daraja halikuiua pantoni. Lipo mbali na katikati ya mji, na anayetoka Kigamboni kwa miguu kwenda kuuza mboga Kariakoo hawezi kuuzunguka mji mzima kwa ajili ya kulisalimu. Wazee wa Kigamboni wanakumbuka pia mwanzo wa mwaka 2012, nauli ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, na Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, akawaambia wasioweza kulipa wapige mbizi. Kauli hiyo ilichekesha wengine na kuwachoma wengine. Ilionesha jambo moja waziwazi: kivuko cha mjini si safari, ni mlango wa nyumba, na mtu akipandishiwa bei ya mlango wa nyumba yake hukasirika kuliko akipandishiwa bei ya safari.

Ndipo katika miaka ya karibuni zikaanza kufika habari za nchi za kaskazini, kwamba miji ya huko inatengeneza vivuko vya umeme visivyoshikwa usukani na mtu. Habari hizo zastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu hazikuanza jana.

Chombo cha umeme ni kikongwe kuliko gari la petroli. Mwishoni mwa miaka ya 1830, katika mji wa St. Petersburg, Moritz Jacobi alikiendesha kijahazi chenye abiria wapatao 14 juu ya mto Neva kwa nguvu ya betri. Katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, mashua za umeme zilichukua watazamaji katika mifereji ya uwanja. Kisha mafuta yakawa rahisi na mepesi kubebeka, na umeme ukaacha maji kwa muda wa miaka mia. Chombo kisicho na mtu nacho si kigeni. Mwaka 1898, huko New York, Nikola Tesla aliwaonesha watu kijimashua kilichotii amri zake kutoka mbali bila waya wowote, na baadhi ya watazamaji hawakuamini wakionacho. Meli kubwa zimekuwa na mtambo wa kuushikilia uelekeo wake tangu miaka ya 1920, na nahodha wa leo baharini mara nyingi huangalia tu usukani ukijizungusha.

Kipya ni kuviunganisha hivyo viwili na kuvileta mjini, ambako maji ni finyu na vyombo ni vingi. Mwaka 2015 Wanorwe walianza kuitumia Ampere, feri ya magari inayokwenda kwa umeme mtupu baina ya Lavik na Oppedal, ikivusha hadi magari 120 na abiria 360. Desemba 3, 2018, huko Ufini, feri iitwayo Falco ilivuka baina ya Parainen na Nauvo ikiwa na wageni 80, ikajiepusha na vikwazo na kujifunga gatini bila mkono wa mtu, na wakati wa kurudi ikaongozwa na nahodha aliyekaa ofisini Turku, kilomita kiasi cha 50 kutoka pale. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Norwe cha Sayansi na Teknolojia kilikitia majini kivuko cha majaribio, milliAmpere 2, katika mfereji wa mji wa Trondheim. Kikiwa na nafasi ya watu 12, kiliwavusha wakazi bure kwa wiki chache katika mwendo wa kiasi cha mita 100. Asili ya wazo hilo ilikuwa ugomvi juu ya daraja: wengine walitaka lijengwe la waendao kwa miguu, wengine wakaona litaziba njia ya mashua na ni ghali. Juni 2023 ukafuata mji wa Stockholm, ambako Estelle, katamarani ya umeme inayochukua watu wapatao 30, ilianza kuvusha abiria wa kulipa baina ya Kungsholmen na Södermalm.

Namna chombo hicho kinavyofanya kazi si siri. Juu yake pana rada, kamera na vifaa vya kupima umbali kwa miale ya leza, na mahali kilipo hukijua kwa setilaiti. Kompyuta hukusanya yote hayo mara nyingi kwa kila sekunde, hutengeneza ramani ya vilivyo karibu, hukisia kila kimoja kinaelekea wapi, kisha huchagua njia na mwendo. Kikija chombo kingine, hupunguza au hupisha kwa kufuata kanuni zile zile za kuzuia migongano baharini anazosomeshwa nahodha. Kikishindwa kufahamu, husimama. Yafaa ikumbukwe kwamba katika vyombo vyote hivyo vilivyochukua umma alikuwamo mtu aliyewekwa kuangalia na kuingilia kati. Jina la kujiendesha limetangulia, kujiendesha kwenyewe kuko nyuma kidogo.

Kwa watu wa pwani, habari hii inagusa kitu kizito zaidi ya mtambo. Nahodha ni neno la Kiajemi lenye maana ya bwana wa chombo, na hapana taswira iliyotumika zaidi katika ushairi wa Kiswahili kumsifu au kumlaumu mtawala. Usukani umetoka kwa Waarabu, na rubani vilevile. Kwa karne nyingi rubani alikuwa mtu wa bahari anayejua mikondo na miamba, na Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 kilichomvusha hadi Kalikuti hakikuwa mizinga yake, ni rubani aliyepewa hapo. Ilisemwa kwa muda mrefu kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa Julfar aliyeandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari, lakini watafiti wengi wa sasa hawakubali. Siku hizi neno rubani limepaa angani na kuwaacha wavuvi bila lao. Ikiwa nahodha naye ataondoka chomboni, washairi watapaswa kutafuta taswira nyingine, au waikubali ile inayotisha, ya watu waliopakiwa pamoja wakienda pahala wasipomwona awapelekaye.

Hata hivyo, suala la kwanza si la washairi. Ni la waliozama.

Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuko wa Mombasa, na watu 272 wakafa. Mei 21, 1996, MV Bukoba, yenye uwezo wa abiria 430, ilizama karibu na Mwanza, na waliokufa hukadiriwa kupita 800. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Chombo kilichoruhusiwa kubeba watu wapatao 650 kilikutwa na tume ya uchunguzi kuwa kilichukua zaidi ya 2,000. Hapana familia ya Pemba isiyomjua mtu aliyekuwamo. Kabla mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, MV Skagit, iliyoundwa mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyotulia ya Seattle, ilipinduliwa na mawimbi karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Septemba 20, 2018, MV Nyerere iliyosajiliwa kubeba watu 101 ilipinduka ikiwa imebakiza mita chache kutia nanga Ukara. Maiti zilizoopolewa zilikuwa 228, na manusura 41. Kwa kujumlisha hesabu hizo mbili ndipo ikajulikana kuwa waliokuwamo walipindukia mara mbili na nusu ya idadi iliyoruhusiwa. Hesabu ya abiria ilifanywa ufukoni, baada ya mauti.

Mtu akizipanga ajali hizo mbele yake na kuuliza kama kompyuta ingeziepusha, jibu lina pande mbili. Kwa upande wa usukani, ingesaidia kidogo sana. Mtongwe haikugonga mwamba, Bukoba haikupotea njia, Spice Islander haikukosa dira. Ni MV Nyerere pekee ambayo suala la mshika usukani lilitajwa kwa nguvu, pale Rais Magufuli alipolitangazia taifa kwamba ameelezwa nahodha hakuwamo na usukani aliachiwa asiyefunzwa. Lakini hata nahodha bora wa bahari yote ya Hindi asingeweza kukisimamisha wima chombo cha watu 101 kilichobeba 269, wakahamia upande mmoja wakati wa kushuka.

Kwa upande wa mlango, mambo ni mengine. Vivuko vya umeme vya Trondheim na Stockholm havina wasaa wa huruma. Uwezo wao ni mdogo, na chombo hakiwezi kuambiwa "huyu mmoja tu". Ikiwa kivuko kimetengenezwa ili kipime uzito wake na jinsi kilivyoinama, kisha kikatae kuondoka gatini mpaka waliozidi washuke, hapo kitakuwa kimefanya lililowashinda wanadamu wengi wenye sare na vyeti. Katika jahazi la zamani nahodha alikuwa mwenye amri, mara nyingi mwenye hisa, naye akisema chombo kimejaa basi kimejaa. Katika pantoni na meli za abiria nahodha ni mwajiriwa. Juu yake yupo mwenye chombo anayetaka nauli, na ufukoni wapo watu mia tano wanaochelewa kazini, au wanaowahi maziko, au wana mizigo ya sikukuu. Akikataa, hatopata shukrani ya yeyote, kwa sababu ajali isiyotokea haina shahidi. Mashine haina kazi ya kupoteza. Hii ndiyo faida kubwa ya kivuko kinachojiendesha kwa pwani hii, na ni ajabu kwamba wanaokisifu huko kaskazini hawaitaji sana, maana kwao ugonjwa huo uliponywa zamani kwa sheria.

Lakini mashine hiyo hiyo hufungwa na mtu na hufunguliwa na mtu. Kipimo cha uzito chaweza kuzimwa kama taa. Tena, umati wa Likoni hauwezi kupunguzwa kwa kukataliwa na kompyuta. Utabaki ufukoni, utaongezeka, na utasukuma lango. Abiria 12 wa Trondheim hawafanani na 2,000 wa Magogoni. Mwaka 2020 Kenya ilijaribu njia ya pili kabisa, daraja la miguu la kuelea huko Liwatoni, lililofunguliwa wakati wa maradhi ya korona ili watu wasisongamane ndani ya feri, na ambalo lililazimika kufunguka kuzipisha meli. Hilo nalo laonesha kwamba panapopita watu laki tatu, tatizo la kwanza ni wingi, na chombo kidogo chenye akili nyingi hakilitatui ila vikiwa vingi mno, vikifuatana kama siafu.

Kuna na bahari yenyewe. Mfereji wa Trondheim una kingo za mawe na mashua zenye taa. Mlango wa Magogoni una ngalawa na mitumbwi ya wavuvi wanaokwenda Feri alfajiri, wengi wao bila taa wala chombo chochote cha kujitangaza kwa redio. Una nyavu, una watoto waogeleao, na katikati yake hupita meli ya makontena isiyoweza kusimama. Rada huona chuma vizuri kuliko mti. Mtumbwi wa mwembe uliolowa, usiozidi shubiri chache juu ya maji, ni kitu kigumu kwa mtambo kukitenganisha na wimbi. Nahodha wa pantoni humtambua mvuvi kwa namna anavyopiga kasia, hujua huyu atapita mbele na yule atangoja, na pengine hujua jina lake. Elimu hiyo yaweza kufundishwa mashine, lakini lazima ifundishwe hapa, kwa picha za maji ya hapa, na anayenunua chombo kilichosomea Stockholm atakuwa amenunua mwanafunzi wa bahari nyingine. MV Skagit ilikwisha kutoa funzo la chombo kilichozaliwa katika maji mengine.

Yapo mengine ya kutazama, la umeme likiwa moja. Unguja hupata umeme wake kwa kebo ipitayo chini ya bahari kutoka bara, ya kwanza ikiwa ile ya mwaka 1980 iliyotoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa tena miezi mitatu. Waliokuwapo hawajasahau bei ya barafu wala mlio wa majenereta uchochoroni. Pemba ilipata kebo yake kutoka Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norwe, na Unguja ikapata mpya ya megawati 100 mwaka 2013. Bara, bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa hiyo khofu ya giza imepungua, ila haijafutika, na kivuko cha umeme kilichokosa umeme ni boya.

Hapa Wanorwe wana jambo la kuazimwa. Lavik na Oppedal ni vijiji, na nyaya zake zilikuwa dhaifu, zisizoweza kuichaji feri kubwa kwa dakika kumi bila kuzima nyumba za watu. Mafundi hawakungoja nyaya mpya. Waliweka betri kubwa kila upande wa gati, zikajazwa polepole wakati feri ikiwa majini, kisha zikaimiminia umeme kwa haraka inapofika. Mtu yeyote aliyewahi kujaza pipa usiku ili achote asubuhi kwa kuwa maji ya bomba ni haba ataielewa hekima hiyo bila kusoma uhandisi. Safari fupi ya kurudiarudia, kama ya Kigamboni, ndiyo inayoifaa betri kuliko safari nyingine zote za baharini. Ukiacha suala la nani ashike usukani, umeme peke yake ungestahili kujaribiwa hapo: moshi ungepungua, na mwendo wa chombo usingetegemea bei ya dizeli.

Liko pia suala la imani, nalo linamgusa hata asiyekaa pwani. Kusini mwa Ngorongoro, karibu na Laetoli ambako timu ya Mary Leakey ilizikuta mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita, iko kata ya Kakesio. Ni nchi kavu ya wafugaji, ambako maji ni kitu cha kufuatwa na ng'ombe kwa mwendo mrefu, si kitu cha kuvukwa. Vijana wa Kimaasai kutoka nyanda kama hizo huteremka hadi Dar es Salaam kutafuta kazi za ulinzi, na wengine huvuka hadi Unguja, wakasimama na mashuka yao mekundu katika fukwe za Nungwi. Kijana aliyekulia Kakesio anapokanyaga pantoni kwa mara ya kwanza hana kipimo cha kukipimia chombo. Mtoto wa Makunduchi huangalia maji yamefika wapi ubavuni, huangalia mawingu, husikiliza injini, na mara nyingine hushuka akasema atangoja cha pili. Yule wa Kakesio humtazama nahodha usoni tu, kama kwao anavyomtazama aliyetangulia mbele ya kundi. Imani yake yote iko kwa mtu.

Katika chombo kisicho nahodha, wote wanakuwa watu wa Kakesio, na uso wa kutazama haupo. Mtoto wa Makunduchi na ujuzi wake wa mawingu hawezi kusoma kilichoandikwa ndani ya kompyuta. Hata mhandisi aliyekaa kiti cha pili hawezi. Wanabaki kuwaamini watu wasioonekana: aliyeandika programu, aliyeikagua, aliyetia saini cheti, aliyepaswa kubadilisha betri mwaka jana na pengine hakubadilisha. Hilo si geni sana, kwani abiria wa Spice Islander nao waliwaamini wasioonekana. Tofauti ni kwamba alikuwapo japo mmoja aliyekuwa pamoja nao majini, ambaye kosa lake lilimhatarisha yeye mwenyewe. Nahodha anayekaa ofisini hazami.

Na likitokea la kutokea, nani ataitwa mahakamani? Sheria za bahari zimejengwa juu ya dhana kwamba chombo kina bwana wake na bwana huyo yumo ndani. Shirika la Kimataifa la Bahari lilimaliza mwaka 2021 kuzipitia sheria zake ili lione zipi zinagongana na meli zinazojiendesha, na likakuta maana ya neno nahodha yenyewe ni miongoni mwa mambo ya kutengenezwa upya. Huku, Zanzibar ina Mamlaka yake ya Usafiri Baharini tangu mwaka 2009 na bara ina wakala wake, na chombo kimoja kiendacho Unguja na Dar es Salaam huingia katika mikono ya wote wawili. Kabla ya kununua rada ya bei kubwa, ingefaa pawepo maandiko ya kueleza ni ya nani dhamana ya watu 300 waliomo katika chombo kisicho na mtu wa kulaumiwa. Bila hayo, atakayekamatwa siku hiyo ni yule mnyonge aliyekuwa akifunga kamba.

Wafunga kamba, wakata tiketi, wapokea mizigo na wauza kashata ni kundi kubwa kuliko manahodha, na hakuna mahali popote katika habari za Trondheim walipotajwa, kwa sababu Trondheim hawapo. Magogoni ndio wanaomshika mkono bibi kizee akipanda, ndio wanaomwondoa mwendesha baiskeli aliyeziba njia, na ndio wanaojua kwamba mama yule mwenye kapu yu mjamzito na asisimamishwe karibu na mlango. Wao pia ndio wanaompitisha rafiki baada ya lango kufungwa. Mashine itawaondolea kosa hilo la mwisho pamoja na fadhila zote zilizotangulia, na bado haijajulikana kama kuna fundi awezaye kuviondoa kimoja kimoja.

Stockholm wenyewe hawakuharakisha. Estelle ilianza kazi ikiwa na mfanyakazi ndani yake, aliyesimama karibu na vioo, mikono mitupu, macho yakitazama maji. Ukara nako, mahali pa MV Nyerere, paliletwa kivuko kipya, MV Ukara II, kilichosajiliwa kuchukua abiria 300. Kinakwenda kwa dizeli, na usukani wake unashikwa na mtu.